Rovu, roboti na kovu la shingoni: tuulize lipi kwanza?



Maombi ya mchango wa matibabu hufika katika kamati yetu ya msikiti karibu kila mwezi. Mengi tumeyazoea: mguu uliovunjika, figo zilizochoka, mama aliyejifungua kwa upasuaji na bado anadaiwa. Hivi karibuni lilikuja ombi la aina nyingine. Familia moja ya hapa Mwanza, ambayo binti yao ana rovu na amekwisha kuposwa, iliomba isaidiwe kumpeleka nje ya nchi akaondolewe tezi kwa roboti. Walikuja na video katika simu, waliyotumiwa na ndugu aliye ughaibuni. Hoja yao ilikuwa moja: kwa njia hiyo shingo haiguswi na kisu, na bibi harusi ataingia nyumbani kwa mumewe bila kovu.

Wazee wa kamati waliuliza swali jepesi: uvimbe huo ni wa aina gani? Hakuna aliyeweza kujibu, kwa sababu vipimo vilikuwa bado havijafanyika. Habari ya kovu ilikuwa imetangulia habari ya maradhi. Naamini nyumba nyingi zimo katika hali hiyo, na ndiyo maana nimeona safu ya juma hili iende huko. Katibu wa msikiti si tabibu, na maneno haya hayachukui nafasi ya tabibu. Yanakusudia kuisaidia familia ijue la kuuliza kabla haijauza shamba au kuchangisha waumini.

Tezi yenyewe na chanzo cha rovu

Mbele ya shingo, chini kidogo ya zoloto, ipo tezi yenye umbo la kipepeo. Vitabu vya Kiswahili huiita dundumio. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayoongoza mwendo wa mwili mzima: mapigo ya moyo, joto, uzito, hedhi, na ukuaji wa akili ya mtoto aliye tumboni. Ili itengeneze homoni hiyo, tezi inahitaji madini joto. Yakipungua kwa muda mrefu, tezi hujitanua ikijaribu kukidhi haja ya mwili, na huko kutanuka ndiko tunakokuita rovu, au goita kama wengi wanavyosema siku hizi.

Sisi watu wa Ziwa tunakula sato, sangara na dagaa, na huenda tukadhani kwamba samaki wametutosheleza. Samaki wa maji baridi hawana madini joto mengi kama samaki wa baharini. Muhogo nao, ambao katika visiwa kama Ukerewe ni chakula kikuu, usipolowekwa na kuanikwa vizuri huacha kitu kinachoizuia tezi kuyatumia madini joto machache iliyoyapata. Ndiyo maana tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria za Tanzania zinataka chumvi ya kuliwa itiwe madini joto. Mama mwenye nyumba anunue chumvi iliyofungwa na kuandikwa hivyo, aihifadhi katika chombo chenye kifuniko mbali na jua na unyevu, na aitie chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Hiyo ni kinga ya bei ndogo kuliko tiba yoyote nitakayoitaja.

Lakini si kila uvimbe wa shingo ni upungufu wa madini joto. Upo uvimbe wa tundu moja, upo wa matundu mengi, ipo tezi inayofanya kazi kupita kiasi hadi moyo ukaenda mbio na macho yakatoka nje, na ipo saratani. Kwa macho na vidole tu huwezi kuzitenganisha. Hutenganishwa kwa kipimo cha damu kinachoonyesha kiwango cha homoni, kwa altrasaundi, na inapohitajika kwa kuchukua chembe kidogo kwa sindano nyembamba ili zitazamwe kwa hadubini. Baadhi ya wagonjwa baada ya vipimo hivyo huambiwa hawahitaji upasuaji wowote, bali dawa au kufuatiliwa. Familia iliyokwisha kukata tiketi ya ndege kabla ya vipimo hivi imeweka mkokoteni mbele ya punda.

Njia ya zamani na waliyoitengeneza

Upasuaji wa rovu una historia ndefu, na sisi tumo ndani yake. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho al-Tasrif, chenye sehemu 30. Katika sehemu ya upasuaji alizungumzia uvimbe wa koo, akatofautisha ule unaoweza kukatwa na ule ambao tabibu mwenye busara hauwekei kisu kwa kuchelea damu. Miaka 1,000 imepita na onyo hilo halijachuja. Tezi hii imezungukwa na mishipa mingi ya damu, na kwa karne nyingi waliothubutu kuiondoa walimpoteza mgonjwa mezani.

Aliyeigeuza kuwa tiba salama ni Theodor Kocher wa mji wa Bern, Uswisi, nchi ya milima ambayo wakati huo ilijaa watu wenye rovu. Alipoanza, walifariki zaidi ya wagonjwa 10 katika kila 100. Baada ya kupasua zaidi ya watu 5,000, akifunga mshipa mmoja mmoja kwa utulivu na kuzingatia usafi, vifo vilishuka chini ya mmoja katika kila 100. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel. Mkato anaotumia daktari hadi leo, mstari mmoja wa kulala chini ya shingo unaofuata mkunjo wa ngozi, umebeba jina lake.

Jambo jingine alilotufundisha Kocher lilimsikitisha mwenyewe. Mwaka 1883 alitangaza kwamba wengi wa wale aliowaondolea tezi yote walirudi wakiwa wamevimba uso, wazito wa mwili na wa akili. Upasuaji ulikuwa umefanikiwa, kovu lilikuwa zuri, lakini mwili ulikuwa umenyang'anywa homoni yake. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuirudisha. Leo ipo, na nitairudia mbele.

Mambo mawili ambayo daktari huyalinda

Mgonjwa akilazwa mezani na kupewa dawa ya usingizi, daktari hutenga misuli, hufunga mishipa ya damu, kisha huitoa nusu ya tezi au yote. Ugumu wa kazi hauko katika kukata. Uko katika yale ambayo hayatakiwi kukatwa.

La kwanza ni mishipa ya fahamu ya sauti. Nyuma ya tezi, kila upande, hupita uzi mwembamba wa neva unaoendesha zoloto. Ukijeruhiwa mmoja, sauti hukwaruza na kuwa dhaifu. Ikijeruhiwa yote miwili, pumzi yenyewe hubanwa. Juu zaidi upo uzi mwingine unaoipa sauti uwezo wa kupanda. Mtu wa kawaida anaweza asigundue umeguswa, lakini mwalimu wa madrasa anayesomesha watoto Qur'ani kwa tajwidi, au binti anayeongoza kaswida, atagundua siku ya kwanza.

La pili ni tezi ndogo nne, kila moja kama punje ya dengu, zilizojishikiza nyuma ya tezi kubwa. Hizi hutunza kalsiamu katika damu. Zikiondolewa kwa bahati mbaya au zikikosa damu, mgonjwa huanza kuhisi ganzi midomoni na vidoleni, kisha misuli hukakamaa. Kwa wengi hali hiyo hupita baada ya siku au majuma kwa kumeza kalsiamu. Kwa wachache hudumu maisha.

Ndugu msomaji, yashike mambo haya mawili, kwa sababu kila njia mpya ya kuifikia tezi, hata iwe na mashine ya thamani gani, hupimwa kwanza kwa hayo. Kovu huja baadaye.

Roboti ni nini, na huingilia wapi

Jina la roboti limewafanya wengi wadhani kwamba mashine ndiyo inayopasua. Sivyo. Daktari huketi hatua chache kutoka kwa mgonjwa, mbele ya meza ya kuongozea, akitazama picha iliyokuzwa mara nyingi na yenye kina kama anavyoona jicho. Anachofanya kwa vidole vyake hufuatwa na mikono ya mashine iliyobeba vifaa vyembamba vinavyojikunja kama kiwiko, na mtetemo wa mkono huchujwa. Mashine haiamui lolote. Mkono ulio hodari huwa hodari zaidi. Mkono usiozoea hubaki usiozoea.

Kwa nini basi itumike kwenye shingo, mahali ambapo daktari anafika kwa mkato mfupi tu? Jibu la kweli ni kovu. Huko Korea Kusini wanawake vijana wengi waligunduliwa kuwa na uvimbe mdogo wa tezi kupitia uchunguzi wa afya, na kovu la shingoni likawa jambo zito kwao. Madaktari wakatafuta milango mingine ya kuingilia. Milango hiyo ni minne.

Mlango wa kwanza ni kwapa. Woong Youn Chung na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yonsei mjini Seoul waliuanza kwa roboti mwaka 2007. Hukatwa kwapani mkato wa sentimeta tano au sita, kisha huchimbwa njia chini ya ngozi, juu ya msuli wa kifua, kuvuka mtulinga hadi shingoni, kama shubiri moja ya safari. Kovu hufichwa na mkono. Lakini mkono wenyewe hunyanyuliwa kwa saa kadhaa, na imewahi kutokea neva zake zikavutwa. Ngozi ya kifua nayo huweza kubaki na ganzi kwa muda.

Mlango wa pili ni makwapa yote mawili pamoja na matiti, ambapo mikato midogo hupitishwa ukingoni mwa duara la chuchu na kwapani. Njia hii nayo ilikuzwa Seoul. Faida yake ni kuonekana kwa pande zote mbili za tezi kwa usawa. Hasara yake ni upana wa ngozi inayofunuliwa na kutenganishwa na nyama.

Mlango wa tatu ni nyuma ya sikio, mkato ukishuka na kujificha ndani ya nywele. David Terris wa Georgia, Marekani, ni miongoni mwa walioueneza. Safari yake ni fupi kuliko ya kwapani, lakini hufaa zaidi kwa kuondoa upande mmoja, na sikio huweza kupata ganzi.

Mlango wa nne ni kinywa. Angkoon Anuwong wa Bangkok, Thailand, alichapisha mwaka 2016 habari za wagonjwa wake 60 wa mwanzo aliowapasua kupitia matundu matatu ndani ya mdomo wa chini. Ngozi haina kovu hata moja. Njia hii inafanywa kwa roboti, lakini yeye aliifanya kwa vifaa vya kawaida vya upasuaji wa matundu madogo, vile vile vinavyotumika kutoa mawe ya nyongo. Hatari yake ya pekee ni ganzi ya kidevu, kwa sababu neva ya kidevu hupita hapo hapo, pamoja na vijidudu vya kinywani kuingizwa shingoni.

Yale ambayo video haisemi

Mikononi mwa mabingwa waliozoea, njia hizi zimeonekana kutunza sauti na kalsiamu karibu sawa na mkato wa kawaida. Hiyo ni sifa yao, na si haki kuwanyima. Lakini huchukua saa nyingi zaidi, hugharimu zaidi, na daktari anahitaji makumi ya wagonjwa kabla mkono wake haujatulia. Mwaka 2011 kampuni ya Intuitive Surgical, inayotengeneza roboti ya da Vinci, iliacha kuunga mkono matumizi ya mashine yake kwa upasuaji huu nchini Marekani. Hospitali chache za huko zenye uzoefu ziliendelea. Nyingi zikarudi kwenye mkato wa shingo. Kilichofaa Seoul, kwa wagonjwa wembamba wenye uvimbe mdogo na madaktari wanaofanya kazi hiyo kila siku, hakikuhama kirahisi.

Hapo ndipo jambo linapotuhusu sisi. Njia za kuficha kovu huchagua mgonjwa: mwenye tezi isiyo kubwa, uvimbe usioshuka kifuani, shingo isiyowahi kupasuliwa, mwili usio mnene sana. Rovu la Kanda ya Ziwa mara nyingi halina sifa hizo. Madaktari wa Bugando, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima kinachoutazama mji wetu, walichapisha mwaka 2011 taarifa ya wagonjwa wao wa rovu waliopasuliwa. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kwa mbali sana, na wengi walikuwa wamekaa na uvimbe kwa muda mrefu kabla ya kufika. Mtu aliyelea rovu miaka 10, akilipaka majani na kulichanja chale, anapofika hospitali tezi imekwisha kuwa kubwa na pengine imeanza kuibana njia ya pumzi. Kwa mgonjwa huyo mkato wa shingo si umaskini wa nchi yetu. Ndio mlango unaofaa popote duniani.

Kwa hiyo aliye na hamu ya kovu dogo ana njia moja iliyo mikononi mwake: kwenda mapema. Uvimbe mdogo hutoka kwa mkato mfupi.

Kovu, sitara na harusi

Simdharau binti anayeogopa kovu. Ngozi yetu nyeusi ina tabia ya kuota kovu lililovimba, na wapo dada ambao chanjo tu iliwaachia alama kama dole gumba. Hofu hiyo ina msingi. Lakini kifua, bega na sikio ni miongoni mwa sehemu ambazo makovu ya namna hiyo huota zaidi. Mwenye mwili wa tabia hiyo anaweza kuikimbia shingo akalipata kovu baya kuliko lile alilolikimbia, pengine mahali panapouma kila avaapo nguo. Amwambie daktari mapema kama mwili wake huota makovu, amwonyeshe la zamani, na waamue pamoja.

Lipo pia suala la sitara. Wanazuoni wameruhusu sehemu ya mwili ifunuliwe kwa ajili ya tiba kwa kadiri ya haja, na kwamba mwanamke atafute tabibu wa kike anapopatikana. Asipopatikana, tabibu wa kiume humtibu pakiwa na mahramu wake au muuguzi wa kike. Sasa mkato wa shingo hufunua shingo na sehemu ya juu ya kifua. Njia ya makwapa na matiti hufunua zaidi, kwa muda mrefu zaidi, na sababu yake ni uzuri wa shingo ambayo nje ya nyumba hufunikwa na mtandio. Sisemi kwamba ni haramu. Fatwa ina wenyewe. Nasema ni swali ambalo familia yenye kujali sitara haina budi kulipeleka kwa sheikh kabla ya kulipia.

Na kwa upande wa wachumba, wakiwemo mama wakwe watarajiwa: mstari mwembamba shingoni mwa mwanamke ni alama kwamba alitibiwa akapona. Posa ikivunjwa kwa sababu ya mstari huo, aibu haiwi ya binti. Tumewahi kuoana na wenye makovu ya moto, ya ndui na ya uzazi. Tusimfanye binti ahatarishe sauti yake, au achelewe tiba mwaka mzima akisubiri mchango, kwa kuogopa ulimi wa watu wa arusini.

Baada ya kutoka hospitali

Ugonjwa wa tezi hauishi siku nyuzi zinapotolewa. Saa 24 za mwanzo ndizo za kuchunga zaidi: shingo ikivimba ghafla na pumzi ikawa nzito, ni damu imejikusanya ndani, na mgonjwa hufunguliwa mara moja bila kusubiri. Ganzi ya midomo na vidole isemwe papo hapo. Sauti iliyokwaruza ifuatiliwe. Nyingi hurudi, lakini daktari aitazame.

Aliyeondolewa tezi yote atameza kidonge cha levothairoksini kila siku ya maisha yake. Aliyeondolewa nusu huenda asihitaji, lakini damu yake ipimwe. Kidonge humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, angalau nusu saa kabla ya chakula. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vitenganishwe nacho kwa saa nne. Katika Ramadhani wengi hukimeza kabla ya daku au usiku wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya futari. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo kuhamisha saa hakudhuru. Kuacha mwezi mzima kunadhuru. Amuulize daktari wake Shaabani, asingoje mwezi uandame. Na mke anapohisi ana mimba aende kupima haraka, kwani mtoto wa miezi ya mwanzo hutegemea homoni ya mama yake, na mara nyingi kipimo cha dawa huongezwa.

Haya yote ni ya miaka, na hufanyika hapa. Mgonjwa wa Ukerewe atapanda meli kuja Mwanza. Wa Sengerema atavuka daraja la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Daktari aliyempasua akiwa katika nchi nyingine, nani atafungua jalada lake siku kalsiamu itakaposhuka? Kwa baadhi ya maradhi safari ya nje ni lazima, na Allah awalipe wanaosaidia. Kwa rovu la kawaida, fedha ya nauli, hoteli na msindikizaji inaweza kulipia vipimo, upasuaji na dawa za miaka mingi.

Maswali ya kubeba

Ikiwa nyumbani kwako yupo mwenye uvimbe shingoni, yaandikeni maswali haya katika karatasi na kwenda nayo, mmoja wenu akisoma na mwingine akiandika majibu.

Uvimbe huu ni wa aina gani, na kipimo gani kimethibitisha? Je, unahitaji kuondolewa, au dawa na kufuatiliwa vinatosha? Homoni iko katika kiwango gani, na ikiwa imezidi, itatulizwa kwa dawa kwanza kabla ya kupasuliwa? Itaondolewa nusu au yote, na kwa nini? Daktari atakayepasua amewafanyia wangapi, na wangapi kati yao walipata tatizo la sauti au la kalsiamu? Nani atanifuatilia baadaye, na dawa nitaipata wapi?

Ukiishamaliza hayo, uliza la saba: kovu litakuwa wapi, na linaweza kuwekwa katika mkunjo wa ngozi? Na kama umeshauriwa roboti, hapa au ng'ambo, uliza maswali yale yale sita kwanza. Asiyeweza kuyajibu asikushike shingo, hata kama mashine yake inang'aa.

Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu na ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa bila dawa yake. Kujitibu huko kunaanza kwa kujua unachougua. Aliye na ugumu wa kumeza, sauti inayobadilika, pumzi inayobanwa anapolala, au uvimbe unaokua upesi asingoje msimu wa mavuno wala harusi ipite. Aende juma hili hili.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape madaktari wetu mikono iliyotulia, na atujaalie kuwachangia wenye haja kwa mambo yenye manufaa nao. Wabillahi tawfiq.